MWALIMU HUULIZA, MASHINE HUJIBU: TUSIUZE DARASA LETU LA JIONI

Ndugu wanachama,

Katika mkutano mkuu wa tawi letu unaokuja mtaletewa shauri moja ambalo ukilitazama juu juu laonekana dogo. Shauri lenyewe ni hili: kwamba tawi liache kumlipa mwalimu wa darasa la jioni, na fedha hizo zitumiwe kuwanunulia wanachama na watoto wao bando za simu, ili kila mtu ajifunze kwa zile mashine za mazungumzo ziitwazo chatiboti, zinazoendeshwa kwa akili mnemba. Wanaoleta shauri hili si adui zetu. Ni ndugu zetu wa chama kimoja, na hoja zao tutazieleza hapa bila kuzipunguza. Lakini twasema mapema, ili asiwepo mtu wa kubahatisha tuko upande gani: shauri hili ni baya, na twawaomba mlikatae.

WANASEMA NINI?

Wanasema mambo manne. La kwanza, mashine ni rahisi kwa bei. Mwalimu hudai mshahara kila mwezi, mashine hudai bando tu. La pili, mashine haichoki. Mtu wa zamu ya usiku aweza kuiuliza saa tisa ya usiku nayo ikamjibu. La tatu, mashine haimtukani mtu. Wengi wetu tulichapwa na kuitwa wapumbavu shuleni, na mtu mzima huona haya kuonyesha mbele ya wenzake kwamba hajui. La nne, mashine ina habari nyingi kuliko mwalimu yeyote aliye hai.

Ndugu, maneno haya yana kweli ndani yake, na ni upuuzi kuyakana. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa watu wote tarehe 30 Novemba 2022, mashine hizi zimeingia mpaka vyumbani mwetu. Watoto wetu wanazo, makarani wanazo, na matajiri wetu wanazo. Hatusemi zizimwe, wala hatusemi ni uchawi. Swali letu ni moja tu: darasa la jioni liliwekwa kwa kazi gani?

Kama liliwekwa kugawa majibu, basi na lifungwe leo, maana majibu sasa yamejaa kila mahali. Lakini liliwekwa kumfundisha mfanya kazi na mtoto wake kupima maneno: kuuliza neno hili limetoka wapi, ushahidi wake uko wapi, nani anafaidika nalo, na likiwa kweli ni lipi linalofuata. Hata mtaala mpya wa shule zetu, ulioanza kutumiwa nchini kote mwaka 2019, umeweka kufikiri kwa kina na kutatua matatizo kuwa moja ya mambo makuu ambayo mtoto lazima ayapate. Kazi hiyo ndiyo twasema mashine peke yake haiwezi kuifanya, na yaweza hata kuiharibu.

CHUKUENI KIFUNGU CHA 40

Tusiseme kwa mafumbo. Chukueni Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, kinachoeleza jinsi tajiri anavyoweza kupunguza wafanya kazi. Mfanya kazi akiwa mwanachama, ni lazima tajiri akiarifu chama na afisa wa kazi mwezi mmoja kabla, au zaidi, na aeleze sababu. Ni lazima alipe fedha za kuachishwa zisizopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi uliotimia. Na katika kuchagua nani aende na nani abaki, ni lazima aangalie muda ambao kila mtu ametumika, na ujuzi wake, na uwezo wake, na jinsi anavyotegemewa kazini.

Ipe mashine kifungu hiki uiombe ikieleze. Itakieleza kwa muda wa kufumba na kufumbua, kwa lugha nyepesi kuliko ya wakili. Utasoma, utatikisa kichwa, utatia simu mfukoni na kwenda zako, ukiamini kwamba umeelewa.

Sasa tazameni mwalimu anavyofanya. Hukisoma kifungu hicho hicho, kisha hunyamaza kidogo. Halafu humgeukia mtu mmoja: "Wewe wa bohari, huo uwezo hupimwa na nani?" Mtu wa bohari hujibu, "Na tajiri." "Hupimwa kwa kipimo gani?" Kimya. "Kipimo hicho mlikijua tangu mwanzo, au mtakisikia siku ya barua?" Kimya tena. "Na kama aliyetumika miaka 20 akaambiwa hana uwezo, na aliyeingia juzi akaambiwa anao, tajiri amevunja sheria au hakuivunja?" Hapo darasa hupasuka vipande viwili. Hawa husema amevunja, wale husema hakuvunja. Mwalimu hatoi hukumu. Huwaambia wabadilishane: aliyesema amevunja sasa amtetee tajiri, na aliyemtetea tajiri sasa asimame upande wa mzee wa miaka 20. Watu hucheka, hukasirika, hufungua tena karatasi na kusoma kwa kidole neno kwa neno.

Saa tatu ya usiku wanatoka. Pengine hakuna hata mmoja aliyepata jibu kamili. Lakini kila mmoja anarudi nyumbani na swali moja la kuweka juu ya meza ya tajiri: tuonyesheni kipimo. Ndugu, swali hilo ndilo linaloweza kuokoa kazi ya mtu. Ufafanuzi mtamu uliosomwa kwenye simu haujamwokoa mtu, kwa sababu tajiri naye anao huo huo kwenye simu yake.

Mtu atatuambia: lakini mashine nayo yaweza kuuliza maswali, ukiiamuru. Ni kweli. Lakini ni nani ataiamuru? Ni yule ambaye tayari anajua thamani ya kuulizwa. Asiyejua ataiomba jibu, naye atapewa jibu. Na hata huyo aliyeiamuru imuulize, swali likiwa gumu ataandika, "Basi, niambie tu," na mashine itamwambia. Mwalimu humwambii hivyo akakutii. Atakungoja. Wenzako nao watakungoja, na ile dakika ya kungojwa, wakati kichwa chapata moto, ndiyo dakika ya kujifunza.

USHAHIDI UNASEMAJE?

Hatutaki mtuamini kwa kuwa tumesema kwa nguvu. Tazameni majaribio yaliyofanywa.

Nchini Uturuki watafiti walichukua karibu wanafunzi 1,000 wa shule ya sekondari katika somo la hisabati, wakawagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilifanya mazoezi kwa vitabu na daftari tu. La pili lilipewa chatiboti ya kawaida. La tatu lilipewa chatiboti iliyotengenezwa kwa msaada wa walimu, itoe dokezo na isitoe jibu. Wakati wa mazoezi waliokuwa na mashine ya kawaida walifanya vizuri kuliko wa vitabu kwa asilimia 48, na wale wa mashine ya dokezo kwa asilimia 127. Mtu angesema, tumeshinda! Kisha mashine zikaondolewa na mtihani ukaletwa. Waliokuwa na chatiboti ya kawaida walianguka chini ya wale ambao hawakuwahi kuishika, kwa asilimia 17. Na wale wa mashine ya dokezo, pamoja na ile asilimia 127 yote, walikuwa sawasawa tu na wa vitabu na daftari. Habari hizi zilichapishwa katika jarida la kisayansi mwaka 2025.

Ndugu, someni tena hesabu hiyo. Mtoto alionekana hodari kwa sababu mashine ilikuwa hodari. Ilipoondoka, iliondoka na uhodari wake.

Wenzetu watatuletea habari za Benin City, katika Jimbo la Edo nchini Nijeria. Huko mwaka 2024 wanafunzi wa sekondari walijifunza Kiingereza baada ya masomo kwa kutumia chatiboti kwa muda wa wiki sita, na maendeleo yao yalikuwa makubwa. Ni kweli, na twafurahi kwa ajili yao. Lakini je, wenzetu wamesema jaribio lenyewe lilifanywaje? Wanafunzi walikaa wawili wawili mbele ya kompyuta, na walimu walikuwamo chumbani wakiwaongoza, wakiwapa kazi ya kufanya. Hakuna aliyemtuma mtoto nyumbani na bando akasema, haya, jifunze.

Watatuletea pia habari za Chuo Kikuu cha Harvard, ambako wanafunzi wa fizikia walijifunza zaidi, tena kwa muda mfupi, kwa mashine kuliko darasani. Hiyo nayo ni kweli. Lakini mashine ile ilitayarishwa na walimu wenyewe, wakailisha majibu sahihi hatua kwa hatua ili isipotoke. Tena wanafunzi wale walikuwa watu waliochujwa mara nyingi, waliokwisha kujua kujifunza kabla ya kufika pale. Kumfundisha fizikia mtu wa Harvard ni shauri moja. Kumfundisha kijana wa Mukuru au wa Changamwe kuthubutu kubishana na maandishi ni shauri lingine kabisa.

Tena kuna jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2024, lililohusu walimu wa ziada 900 na wanafunzi 1,800 wa shule. Humo mashine haikuzungumza na mtoto hata kidogo. Ilimnong'oneza mwalimu, ikimpa shauri la namna ya kuuliza. Watoto walifaulu zaidi, na faida kubwa zaidi ilikuwa kwa watoto wa walimu waliokuwa dhaifu. Basi hapo mashine ilifanya kazi nzuri. Ilikuwa wapi? Mkononi mwa mwalimu.

Na kwa sisi tulio kazini, mwaka 2025 watafiti wa kampuni ya Microsoft na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwauliza watu 319 wanaotumia mashine hizi katika kazi zao. Waliosema wanaiamini mashine sana ndio waliosema pia kwamba wanapima mambo kidogo. Waliojiamini wenyewe ndio waliopima zaidi. Kumbukeni kwamba habari hii imetoka kwa kampuni inayouza mashine zenyewe.

BIASHARA HII TWAIJUA

Tena sisi wa Kenya hatuhitaji kuambiwa na mtu wa ng'ambo. Kwa miaka mingi vijana wetu waliohitimu vyuo vikuu wakakosa kazi waliishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Hata filamu imetengenezwa juu yao, iitwayo The Shadow Scholars, iliyotoka mwaka 2024. Kijana hukesha, maana mchana wa Marekani ni usiku wetu. Leo aandika juu ya uuguzi, kesho juu ya sheria, keshokutwa juu ya Warumi wa kale. Insha huvuka bahari, mwanafunzi wa huko hutia jina lake, hupata alama, na mwisho hupewa shahada.

Twauliza: kati ya hao wawili ni nani aliyejifunza? Yule wa ng'ambo alipata karatasi. Wetu alipata elimu bila karatasi, kwa kuwa ndiye aliyesoma vitabu, ndiye aliyepima hoja, ndiye aliyefuta na kuandika upya mpaka alfajiri. Jasho la kufikiri halitolewi na mtu kwa niaba ya mwenzake.

Sasa mashine imeingia katika biashara hiyo, na wengi wa vijana hao wamepoteza ujira wao. Bidhaa ni ile ile, insha iliyofikiriwa na mwingine. Muuzaji ndiye aliyebadilika, na bei imeshuka karibu na bure. Na leo mnunuzi si mtoto wa Marekani peke yake, ni mtoto wako na wangu. Ikiwa tulijua kwamba mtoto wa ng'ambo aliyenunua insha hakujifunza kitu, kwa nini tuamini kwamba wetu atajifunza kwa sababu yake ni ya bei nafuu?

MASHINE YENYE KUSIFU

Jambo lingine. Mashine hizi zimetengenezwa zipendwe. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ililazimika kuondoa toleo jipya la mashine yake, kwa sababu lilikuwa likimsifu na kumkubalia mtu kupita kiasi, hata aliposema upuuzi. Kampuni yenyewe ilikiri. Wamelipunguza jambo hilo, lakini tabia ya kumridhisha mteja haijatoka, maana kila biashara humtaka mteja arudi.

Mwalimu mwema hafanyi kazi kwa kukuridhisha. Hukuambia usoni: hoja yako haina miguu. Hukuudhi leo upate kusimama kesho. Mjumbe wetu wa kiwandani ambaye hajawahi kupingwa na mtu anayempenda, atafika mbele ya tajiri na kupingwa na mtu asiyempenda, naye atayumba.

Na tena mashine hukosea bila kuona haya. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili walipeleka mahakamani maandishi yaliyotaja kesi ambazo hazikuwahi kuwako duniani. ChatGPT ndiyo iliyozibuni, nao hawakuzichunguza. Jaji aliwatoza wao na ofisi yao faini ya dola 5,000. Hao ni mawakili, ndugu! Kama mtu mwenye shahada ya sheria alipumbazwa na maneno yaliyonyooka, atakuwaje mtoto wa darasa la saba ambaye bado hajafundishwa kuuliza, "Umejuaje?" Wazee walisema, akili za kuambiwa changanya na zako. Lakini ili uchanganye, lazima kwanza uwe na zako.

NANI ATABAKI NA MWALIMU?

Sasa twafika kwenye kiini cha shauri lenyewe. Msidhani kwamba watu wenye mali watawaachia watoto wao mashine peke yake. Watakuwa na mashine, na pamoja nayo watakuwa na mwalimu wa kuja nyumbani, akae na mtoto mmoja meza moja. Wanajua wanachonunua. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Benjamin Bloom, aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa na mwalimu wake peke yake aliwapita karibu asilimia 98 ya wale waliofundishwa darasani kwa pamoja. Uchunguzi uliofuata umeonyesha faida ndogo kuliko hiyo, lakini haukuikana. Basi wao watabaki na mwalimu, na sisi tutaambiwa mashine yatutosha, tena tushukuru.

Mnajua jinsi nchi yetu inavyomthamini mwalimu. Mwaka 2023 maelfu ya walimu wa shule za JSS waliajiriwa kama wanagenzi, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, wakifanya kazi ile ile ya mwalimu kamili. Mwezi wa Aprili 2024 mahakama ya ajira na kazi ilitamka kwamba mpango ule ulivunja haki yao, na walimu wakatoka katika mgomo. Tukianza sisi wenyewe, chama cha wafanya kazi, kusema kwamba mwalimu aweza kuondolewa na bando kuwekwa mahali pake, tutamjibu nini tajiri atakaposema maneno hayo hayo juu ya karani, juu ya mpokea simu, juu ya mtu wa bohari? Atatwambia, "Ninyi mlianza."

Tena kumbukeni hiyo bei rahisi imetoka wapi. Gazeti la TIME la Marekani lilieleza mwezi wa Januari 2023 kwamba wafanya kazi wa hapa Nairobi walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na unajisi na kuyatia alama, ChatGPT ipate kujifunza kuyaepuka. Tarehe 1 Mei 2023, zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hao ni ndugu zetu. Mashine inayosemwa kuwa haidai mshahara ilijengwa kwa mshahara wao mdogo.

WALIMU NAO WANA MAKOSA

Kuna watakaosema: mwawasifu walimu kama malaika, kumbe wengi wao hukaririsha tu. Mwalimu huandika ubaoni, mtoto hunakili, mtihani hufika, mtoto hutapika alichomeza. Na wengine wameigeuza tuisheni kuwa duka, hata ikabidi Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ipige marufuku tuisheni ya likizo.

Ni kweli, na hatuwatetei walimu wa namna hiyo. Lakini tazameni chanzo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hadi mlangoni, mwenye mshahara wa ugenzi, anayehukumiwa kwa alama za mtihani tu, atawezaje kungoja kila mtoto afikiri? Ponyeni ugonjwa huo: ongezeni walimu, punguzeni watoto katika darasa, walipeni barabara. Na kama ubaya wa mwalimu mkaririshaji ni kwamba hutoa majibu ya kumezwa, basi dawa yake haiwezi kuwa mashine itoayo majibu ya kumezwa kwa kasi mara elfu.

Na kuhusu haya ya mtu mzima mbele ya wenzake, twasema hivi: darasa la jioni ni mahali pa kujifunza kuishinda hiyo haya. Meza ya mapatano na tajiri haina chumba cha siri. Asiyeweza kusema "sijaelewa" mbele ya ndugu zake kumi na wawili hataweza kusema "hatukubali" mbele ya mkurugenzi na wakili wake.

Vyama vyetu vilijengwa na watu waliojifunza hivyo. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa Nairobi, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama mwaka 1953. Na hata baada ya kupata cheo hicho alikwenda kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, mwaka 1955. Mwaka 1958 chuo cha wafanya kazi wa Afrika kilifunguliwa Kampala, na watu wa vyama kutoka nchi mbalimbali wakakaa pamoja wakisoma na kubishana. Vitabu vilikuwapo wakati ule pia. Mtu angeweza kupewa kitabu aende nacho nyumbani. Walijua kwamba mtu hanoi panga kwa ngozi. Chuma hunolewa kwa kitu kinachokishindania.

TWATAKA NINI?

Hatukuja kukataa tu. Twaleta mbele ya mkutano mambo matano:

1. Darasa la jioni liendelee, na mwalimu alipwe kwa wakati na kwa kiwango cha haki.

2. Mashine iingie darasani, mwalimu akiwapo. Jioni moja kila wiki iwe ya kuihukumu: kila mtu alete jibu alilopewa na chatiboti juu ya sheria, mshahara au afya, na darasa litafute kilichoachwa, kilichokosewa na kisicho na ushahidi. Hilo litakuwa zoezi bora kuliko kitabu chochote.

3. Watoto wa wanachama wanaokuja kwa masomo ya ziada wajaribu kazi kwanza kwa kalamu na karatasi. Mashine ifuate baadaye, kwa kulinganisha.

4. Mtu wa zamu ya usiku asiyeweza kufika asisahauliwe. Maswali ya darasa yaandikwe na kuchapwa katika karatasi hii, naye ajibu kwa maandishi, na mwalimu amrudishie na maswali mengine.

5. Tawi litafute ushirikiano na vyama vya walimu, KNUT na KUPPET, tudai kwa sauti moja kwamba mashine zisitumiwe kama kisingizio cha kutoajiri walimu.

Gharama ya mambo haya iko ndani ya uwezo wetu. Mchango wetu wa kila mwezi hukatwa katika jasho letu, na ni haki tuulize unakwenda wapi. Twasema: uende mahali ambapo mfanya kazi hujifunza kusimama na kusema, "Ngoja kwanza. Umejuaje?" Tajiri haogopi mfanya kazi mwenye majibu mengi mfukoni. Humwogopa yule mwenye swali moja lililopimwa vizuri, na wenzake nyuma yake.

Basi ndugu, siku ya mkutano msibaki nyumbani. Njooni wote, wa zamu ya mchana na wa usiku, na mama zetu wa kufagia ofisi ambao nao wana viti vyao katika darasa lile. Wasikilizeni wenye shauri mpaka mwisho, msiwazomee. Kisha waulizeni maswali, magumu, mmoja baada ya mwingine. Na mkimaliza kuuliza, inueni mikono mlikatae.

Umoja ni nguvu.

Ndugu yenu,
Katibu wa Elimu wa Tawi